Heshima ya Mfanyakazi Kiwandani: Mafunzo ya Kipande, Kamati na Mwongozo

Haki za binadamu mara nyingi huzungumzwa kana kwamba makao yake ni mahakamani, bungeni na katika mikutano ya mataifa. Mfanyakazi wa kiwanda hukaa mbele ya mashine saa nane au tisa kila siku ya kazi. Huko ndiko anakoamriwa, anakosifiwa au kutukanwa, anakolipwa au kukatwa, anakoumia au kulindwa. Kama haki haimfikii hapo, basi haijamfikia. Swali la haki za binadamu kwa tabaka la wafanyakazi ni kwanza swali la uhusiano kati ya mtu anayefanya kazi na mtu anayeamuru kazi ifanywe.

Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya uhusiano huo hapa kwetu, tangu enzi ya kiboko hadi sheria za kazi za 2004. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kukumbuka tu. Tunataka kujibu swali linalowahusu makada na wanafunzi wetu: ni nini hasa kinachokifanya kiwanda kiheshimu haki za watu wake? Je, ni mwenye mali kubadilika? Je, ni sheria nzuri? Au ni nguvu ya wafanyakazi wenyewe? Historia yetu imejaribu majibu yote matatu, na kila moja limetufundisha jambo.

Kiboko na kipande

Ukoloni haukukuta soko la kazi katika Tanganyika. Ulilitengeneza kwa nguvu. Mkulima aliyekuwa na shamba lake hakuwa na sababu ya kwenda kukata mkonge wa mlowezi. Kwa hiyo kodi ilimlazimisha kutafuta fedha, na adhabu ikamlazimisha kubaki kazini. Chini ya Wajerumani, amri ya 1896 iliruhusu kiboko hadi viboko 25 kwa mara moja, na mtumishi aliyehesabiwa kuwa mvivu au mkaidi aliweza kuchapwa kwa kosa la kazi. Hapa tuone jambo la msingi: kutofanya kazi vizuri hakukuwa suala la mkataba baina ya watu wawili. Kulikuwa jinai, na adhabu yake ilitua mwilini.

Kutoka kipindi hicho hicho ilizaliwa kipande. Ilikuwa ni kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku mfanyakazi alipomaliza kiasi alichopimiwa, siku moja ilitiwa alama. Asipokimaliza, hata kama alivuja jasho tangu alfajiri hadi jua kutua, siku hiyo haikuhesabiwa. Malipo yalingoja alama zote 30 zitimie. Hivyo nyapara aliyeshika penseli alishika chakula cha mtu, na neno nyapara likaingia katika lugha yetu likiwa na uchungu ambao haujatoka mpaka leo.

Waingereza walipochukua nchi walipunguza kiboko, lakini hawakuondoa fikra iliyokizaa. Sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya 1923 iliendelea kuhesabu kutoroka kazini, kukataa amri na uzembe kuwa makosa ya jinai yenye faini au kifungo. Jina lenyewe la sheria hiyo linatosha kueleza hali. Pande mbili za mkataba hazikuwa mwajiri na mfanyakazi. Zilikuwa bwana na mtumishi.

Mapambano kabla ya uhuru

Yafaa ikumbukwe kwamba wafanyakazi hawakungoja kuambiwa kuwa wanaonewa. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Septemba 1947 walianza mgomo uliotoka bandarini ukaingia katika reli na kuenea mijini, na matokeo yake yakawa nyongeza ya mshahara. Mwaka 1950 waligoma tena, safari hii kukawa na ghasia, na serikali ya kikoloni ikakivunja chama chao. Chama kilivunjwa, lakini fundisho la 1947 halikuvunjika: mtu mmoja akidai huitwa mkaidi, watu wote wakidai huitwa mezani.

Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, na Ndugu Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam waligoma, na wananchi wakawaunga mkono kwa kususia bia. Tukio hilo lina maana kubwa katika historia ya viwanda vyetu. Kwa mara ya kwanza mnywaji wa bia, ambaye hakuwa mfanyakazi wa kiwanda, alikubali kuwa jinsi bidhaa inavyotengenezwa ni jambo linalomhusu. Leo makampuni makubwa ya dunia huulizwa na wanunuzi wao kama nguo au viatu vilitengenezwa katika mazingira ya haki. Swali hilo lilikwisha kuulizwa Dar es Salaam mwaka 1958.

Vyama vya wafanyakazi na TANU vilitembea njia moja kwa sababu adui alikuwa mmoja. Imani ya TANU ilitamka usawa wa binadamu, na haki ya kila mtu kuheshimiwa na kupata malipo ya haki kwa kazi yake. Kuli wa bandarini hakuhitaji darasa ili aielewe.

Sheria ya 1964: ulinzi kwa mkono mmoja

Baada ya uhuru, sheria zilikuja kwa haraka. Zilikuwa na sura mbili, na ni wajibu wetu kuzitazama zote mbili.

Sura ya kwanza ni ulinzi. Sheria ya Usalama Kazini ya 1964 ilimnyang'anya mwajiri mamlaka ya kumfukuza mtu papo hapo kwa hasira au chuki. Iliweka kanuni ya nidhamu iliyoorodhesha makosa na adhabu zake, moja baada ya jingine. Iliunda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi, na ikampa mfanyakazi nafasi ya kulipeleka shauri lake kwenye baraza la usuluhishi. Tuone maana ya jambo hili kwa mtu wa kawaida. Jana msimamizi alikuwa akisema, "Kesho usije," na mambo yakaisha. Leo ilimpasa aseme ni kosa gani, liko wapi katika orodha, ni mara ya ngapi, na kamati imesikia nini. Kuuliza "kwa nini" kukawa haki, si utovu wa adabu. Sisi twaona kwamba hapo ndipo utu wa mfanyakazi wa kiwandani ulipoanza kuwa na maandishi.

Sura ya pili ni udhibiti. Sheria ya 1962 ya kusuluhisha migogoro ya kazi ilikuwa imekwisha kufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari na kukamatwa kwa viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi, vyama vyote vilifutwa na ikaundwa NUTA peke yake. Katibu Mkuu wake, Ndugu Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Zilikuwapo sababu: nchi ilikuwa changa, uchumi mdogo, na wafanyakazi wa mshahara walikuwa wachache mbele ya mamilioni ya wakulima. Lakini matokeo hayafichiki. Mfanyakazi alipewa ngao kwa mkono mmoja, na fimbo yake ikachukuliwa kwa mkono mwingine. Alilindwa, ila hakutazamiwa kujilinda.

Mali ya umma, desturi ya bwana

Februari 1967 Azimio la Arusha liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Benki zilitaifishwa, na Serikali ikachukua sehemu kubwa ya hisa katika viwanda kama vya bia, sigara na saruji. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alifungua Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuajiri maelfu ya watu. Wengi walitazamia kwamba mwenye mali akiwa umma, uonevu utakufa wenyewe.

Haukufa. Katika viwanda vingi vilivyotaifishwa, mikataba ya uendeshaji iliwaacha mameneja wale wale wa makampuni ya kigeni katika viti vile vile. Mahali pengine Mwafrika alikaa katika kiti cha Mzungu na kurithi pamoja nacho kengele ya kumwita tarishi, mlango wa peke yake na sauti ya kuamuru. Mali ilikuwa ya umma, desturi ilikuwa ya bwana. Hili ni fundisho la kwanza la historia yetu: kubadili umilikaji ni sharti la lazima la kuondoa unyonyaji, lakini halitoshi kuondoa dharau. Unyonyaji umo katika hesabu ya faida. Dharau imo katika mwenendo wa kila siku, na inaweza kuishi hata baada ya hesabu kubadilika.

Chama kililiona hilo. Februari 1970 Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili wafanyakazi wazungumzie mipango, uzalishaji na hesabu za kiwanda chao. Lilikuwa wazo kubwa. Udhaifu wake ulikuwa kwamba baraza lilishauri tu. Ndani yake walikaa meneja na wakuu wa idara, wenye takwimu zote, na mbele yao mfumaji au fundi aliyesomewa mizania bila kufundishwa jinsi ya kuisoma. Mtu aliyeitwa kushauri juu ya jambo asilolijua, mbele ya mtu anayeweza kumhamisha kesho, atashauri nini? Wengi walinyamaza, na kimya chao kikaandikwa katika kumbukumbu kuwa ni makubaliano.

Mwongozo na fungu la 15

Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulitoka wakati wa hatari. Wareno walikuwa wameivamia Guinea Novemba 1970, na Januari 1971 Idi Amin alikuwa ameipindua serikali ya Uganda. Nia ya Mwongozo ilikuwa kuwatayarisha wananchi kuyalinda mapinduzi yao. Nao ulisema wazi kwamba watu hawawezi kulinda kitu ambacho hawaoni kuwa ni chao. Ndiyo maana fungu la 15 liliwakataza viongozi majivuno, ufahari, dharau na uonevu. Mwongozo ulikwenda mbali zaidi ukaeleza kwamba tendo linalowapa watu uwezo zaidi wa kuamua mambo yao ni maendeleo, hata pale lisipoongeza mkate.

Wafanyakazi walilichukua fungu la 15 kwa uzito kuliko walivyotazamia wengi wa waliolipitisha. Kati ya 1971 na 1973 makumi ya migomo ilitokea viwandani na katika makampuni, zaidi katika Dar es Salaam. Asili ya madai yao inastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa siasa. Mengi hayakuwa ya mshahara. Wafanyakazi walilalamika juu ya matusi, upendeleo, watu kufukuzwa bila kusikilizwa, na mameneja kutumia mali ya shirika kama yao. Mara nyingi walifunga lango na kumwacha meneja nje, kisha wakaendelea na kazi. Hili halikuwa tendo la wavivu. Mvivu hafungi lango ili apate kufanya kazi.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda hatua moja mbele. Walimwondoa mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe, nao wakaungwa mkono. Lakini wenzao wa mahali pengine walipojaribu kufuata mfano huo, walikutana na polisi. Wengine walipoteza kazi na kurudishwa makwao. Hoja iliyotolewa ilikuwa nidhamu: kwamba wafanyakazi wameligeuza fungu la 15 kuwa kibali cha uzembe, na kwamba taifa maskini haliwezi kumudu viwanda visivyotii.

Hoja ya nidhamu ichunguzwe

Hoja hiyo haitupwi kwa maneno matupu, maana ina ukweli ndani yake. Kiwanda si baraza la mtaa. Mashine za kusokota na kufuma hutegemeana. Mtu mmoja akichelewa zamu, wengine 20 husimama. Walikuwapo pia walevi, wezi na watoro waliojificha nyuma ya Mwongozo. Kada anayewatetea watu wa namna hiyo hatetei haki; anawaumiza wafanyakazi walio wengi.

Lakini nidhamu ni ya namna mbili. Ipo nidhamu ya woga, na ipo nidhamu ya kuelewa. Nidhamu ya woga hufanya kazi msimamizi anapotazama. Akigeuka, imekwisha. Tena ina gharama ambayo haiandikwi katika vitabu vya hesabu. Fundi anayeogopa matusi haripoti kwamba mkanda wa mashine umeanza kuchanika, kwa kuwa anajua atalaumiwa yeye. Mashine huvunjika, na pengine kidole cha mtu huondoka nayo. Mfumaji anayekohoa kwa vumbi la pamba hasemi, kwa kuwa amemwona mwenzake aliyesema akaachishwa. Ugonjwa huendelea mpaka pumzi inapokuwa fupi, na kiwanda kinampoteza mtu aliyejifunza kazi kwa miaka kumi. Kwa hiyo heshima si zawadi ambayo kiwanda kinampa mfanyakazi baada ya kupata faida. Ni sehemu ya mitambo ya uzalishaji wenyewe, kama mafuta katika gurudumu.

Kosa la miaka ile, kwa maoni yetu, lilikuwa kuijibu nidhamu mbaya ya woga kwa kuongeza woga. Mwaka 1978 JUWATA ilichukua nafasi ya NUTA ikiwa jumuiya ya Chama, na sauti ya mfanyakazi ikazidi kupita katika mlango ule ule uliotoa amri. Matokeo ya uchungu kuliko yote yalionekana Julai 1986 katika Kiwanda cha Sukari Kilombero. Wafanyakazi waliokuwa wakidai haki zao walipigwa risasi na polisi, na baadhi yao wakafa. Hakuna nadharia inayoweza kuyapamba mauaji hayo, na makada hawana ruhusa ya kuyasahau. Katika dola iliyojiita ya wakulima na wafanyakazi, mfanyakazi alikufa kwenye lango la kiwanda cha umma kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusikilizwa.

Kipindi cha soko

Miaka iliyofuata ilileta mabadiliko yenye sura mbili tena. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba: heshima ya utu katika ibara ya 12, haki ya kufanya kazi katika ibara ya 22, na haki ya ujira unaolingana na kazi katika ibara ya 23. Sheria ya 1991 iliunda OTTU, na safari ya vyama vya wafanyakazi kuachana na Chama ikaanza. Wakati huo huo, Azimio la Zanzibar la 1991 lilimruhusu kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, na katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya umma vilibinafsishwa au kufungwa. Urafiki yenyewe iligeuzwa mwaka 1997 kuwa kampuni ya ubia kati ya Tanzania na China. Maelfu ya wafanyakazi nchini walipunguzwa kazi. Wakati mfanyakazi alipopata haki nyingi zaidi katika maandishi, ndipo alipokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kuzidai, kwa kuwa nje ya lango kulikuwa na vijana mia wanaongoja nafasi yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikusanya mafunzo mengi ya historia hii. Ilikataza kazi ya kulazimishwa, ajira ya mtoto chini ya miaka 14 na ubaguzi. Iliweka saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Iliruhusu mama anyonyeshe hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Ilitaka kuachishwa kazi kuwe na sababu ya haki na utaratibu wa haki. Na ilitambua tena mgomo, baada ya usuluhishi kushindikana na taarifa ya saa 48 kutolewa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilikuwa imetangulia mwaka 2003. Kimataifa, Umoja wa Mataifa uliidhinisha mwaka 2011 kanuni zinazosema kwamba dola ina wajibu wa kulinda haki, kampuni ina wajibu wa kuziheshimu, na aliyedhulumiwa lazima apate njia ya kufidiwa. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za kazi.

Hata hivyo, kibarua wa kutwa, yule tunayemwita deiwaka, ambaye amefanya kazi ile ile kwa miaka katika kiwanda kile kile, bila karatasi ya mshahara wala likizo, yuko karibu zaidi na mtu wa kipande kuliko na sheria ya 2004. Alama yake hutiwa kila jioni, na kesho yake iko mkononi mwa nyapara.

Vipimo vya kada

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa vipimo ambavyo kada au mwanafunzi anaweza kuvitumia anapoingia kiwandani. Asisome kwanza kauli nzuri zilizobandikwa mapokezi. Aulize haya.

Kwanza, je, kanuni ya nidhamu imeandikwa kwa lugha ambayo mfagiaji anaisoma, nayo inamhusu meneja pia?

Pili, je, wawakilishi wa wafanyakazi wamechaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na wanaonyeshwa hesabu pamoja na mtu wa kuwaeleza maana yake?

Tatu, aliyelalamika mwaka jana yuko wapi leo? Kama yuko kazini na lalamiko lake lilijibiwa, kiwanda hicho kinaheshimu haki. Kama ameondoka, sanduku la maoni ni pambo tu.

Nne, vibarua ni wangapi, na wamekuwa vibarua kwa muda gani?

Tano, vifaa vya kinga vinatolewa bure na kubadilishwa vinapochakaa, au mfanyakazi anakatwa mshahara kwa ajili ya glavu zinazolinda mikono inayomtajirisha mwingine?

Kada aliye na hisa katika kiwanda aanze na kiwanda chake mwenyewe. Hawezi kufundisha fungu la 15 jioni tawini na asubuhi akalivunja langoni.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza ni nini kinachokifanya kiwanda kiheshimu watu wake. Umilikaji peke yake haukutosha. Tuliona hilo baada ya 1967. Sheria peke yake haikutosha. Tuliona hilo baada ya 1964, na twaliona baada ya 2004. Mgomo bila Chama na dola inayousikiliza uliishia kwenye polisi, kama ilivyotokea 1973, na kwenye kaburi, kama ilivyotokea 1986. Yote matatu hukamata pale tu wafanyakazi wanapokuwa na chombo chao kinachoweza kusema hapana bila kuogopa, na sheria inayokilinda chombo hicho.

Kazi ya makada basi si kuwasemea wafanyakazi. Ni kuhakikisha kwamba wakisema wanasikika, na kwamba aliyesema anabaki kazini kesho yake. Viwanda vipya vinajengwa, na vijana wengi wanaingia humo kwa mara ya kwanza bila kujua kipande kilikuwa nini. Tuwafundishe historia hii, ili wakikutana na nyapara mpya, hata akivaa tai na kushika kompyuta badala ya penseli, wamtambue.